Mkuu Naye Amwambie Nani?

(Maneno niliyoyasema mbele ya wakuu wa shule za sekondari za wilaya yetu, kwenye kikao cha kufungua muhula. Nimeyaandika upya kutoka kwenye daftari langu, pamoja na yale niliyoyaongeza nikiwa nimesimama.)

Ndugu Afisa Elimu Sekondari, ndugu Maafisa Elimu Kata, wakuu wenzangu, itifaki imezingatiwa. Assalaam alaikum. Bwana asifiwe. Poleni na safari. Najua wengine mmetoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, na barabara zetu za huku Usambara mvua ikinyesha usiku hazina huruma.

Nimepewa nusu saa niseme neno kuhusu uongozi wa shule. Kiti hiki nimekikalia tangu mwaka 2007, na mwezi Juni nastaafu. Nilidhani nitazungumzia ufaulu, au nidhamu, au fedha. Nimekaa na karatasi jioni tatu, na kila nilipoanza nilijikuta nimerudi kwenye swali moja. Mwanafunzi akiwa na shida anakwenda kwa mwalimu wa darasa, ikishindikana analetwa kwa mkuu. Mwalimu akifiwa, akiuguliwa, akikosana na mwenzake, anakuja kwa mkuu. Mzazi anakuja kwa mkuu. Mlinzi ambaye hajalipwa anakuja kwa mkuu, tena anakuja saa kumi na mbili asubuhi, hujafungua hata mlango. Sasa mkuu naye akielemewa, amwambie nani?

Awaambie walimu wake? Kesho yake ndio hao hao anaotakiwa kuwasimamia, na neno la ofisini likishatoka halirudi. Amwambie Afisa Elimu, au wathibiti ubora? Nasema hili Afisa Elimu wetu akiwa amekaa hapa mbele, na nilimwomba ruhusa niliseme: mtu anayekupima kazi huwezi kumwambia kila unachoshindwa, hata awe mwema namna gani. Amwambie mwenzi wake nyumbani? Atakupa pole, atakupashia chakula, lakini ukimweleza kwamba manunuzi yamekwama kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa kununua kwa mtandao, na fundi anadai, atabaki anakutazama tu.

Nirudi nyuma kidogo, Februari 2013. Baadhi yenu mlikuwa bado chuoni. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalitoka, na kabla hayajachakatwa upya yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima wamepata sifuri. Nchi nzima, jamani. Lakini siku ile mimi sikuiona nchi. Niliiona karatasi ya shule yangu, majina ya watoto ninaowajua hadi sauti zao, na pembeni sifuri, sifuri, sifuri. Nilizima simu siku mbili. Dukani nilipita njia ya nyuma, kwenye migomba, nisikutane na wazazi.

Ilipita karibu nusu mwaka ndipo nikajua kwamba mkuu wa shule ya jirani, ambaye paa la madarasa yake naliona kutoka kwenye dirisha la ofisi yangu, ng'ambo ya bonde, naye alizima simu siku hizo hizo mbili. Msiba mmoja, nyumba mbili, kila mtu amejifungia kwake! Huku kwetu mtu akifiwa majirani hawasubiri kuitwa. Wanakuja na kuni, wanakuja na ndoo za maji, mwingine anakuja tu kukaa. Sisi wakuu, siku ile, hatukufanya hata hilo la kukaa.

Naomba niwaeleze jambo langu mwenyewe, maana siwezi kuwaomba mseme yenu nikaficha yangu.

Nilipoteuliwa mwaka 2007 shule za kata zilikuwa zinaota kila kona, na wakuu walitafutwa kwa haraka. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili na Historia miaka kumi na miwili. Sikuwa nimewahi kushika daftari la fedha. Makabidhiano yalichukua dakika kama arobaini hivi. Nilipewa funguo saba zimefungwa kwa kamba ya katani, mhuri, vitabu viwili vya stakabadhi, na daftari la fedha lenye jalada jekundu. Mtangulizi wangu alinitakia heri, akapanda gari la mboga kwenda Mombo kwenye kituo chake kipya.

Ada ya kutwa wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na mzazi wa huku hakuileta yote kwa pamoja. Alileta 3,000 baada ya gulio, akaleta 5,000 kabichi zikiuzwa, akaleta 2,000 amekunja kwenye kona ya kanga. Benki ilikuwa Lushoto mjini. Chaki zikiisha Jumanne, na kwenye droo kuna 12,000 za ada, mkuu mgeni anafanya nini? Nilinunua chaki. Mlinzi alikuja, nikamlipa, akatia saini kwenye daftari la mazoezi. Bila kujua jina lake nilikuwa natumia fedha mbichi, yaani fedha ambayo haijapita benki, jambo ambalo mwongozo unalikataza kabisa. Miezi minane baadaye daftari jekundu na taarifa ya benki vilipishana kwa shilingi 386,000. Mshahara wangu usingefika hapo.

Sikumwambia mtu. Usiku nilikuwa naamka kuhesabu upya, utadhani namba zitabadilika zikisomwa gizani.

Aliyenikuta hivyo ni mkuu mmoja mzee, marehemu sasa, aliyekuja kufuata barua ya uhamisho wa mwanafunzi. Alikaa, akapokea barua, akaniangalia. Akasema, "Mkuu, wewe hulali." Nililia mbele yake. Hakuniuliza maswali mengi. Alisema, "Lete boksi la karatasi zako." Jioni mbili tulikaa sakafuni kwenye ofisi ile na taa ya chemli. Alipanga karatasi kwa miezi, kila fungu amelikandamiza na kipande cha chaki zisipeperuke. Hii ya mlinzi, hii ya muuza chaki, hii ya nauli, hii haina mwenyewe. Kwa kila moja akanifundisha namna ya kuandika hati ya malipo, nani asaini, kiambatanishwe nini. Kufikia jioni ya pili tulijua kwamba sehemu kubwa ya fedha ile haikupotea, ila ilikosa ushahidi wa maandishi. Nilizunguka madukani kutafuta uthibitisho, nikaandika maelezo, nikayapeleka kwenye bodi ya shule kwa mkono wangu. Wakaguzi walipokuja, hoja waliiandika, na ilikuwa haki yao. Majibu yake nilikuwa nayo mezani.

Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni akasema, "Mwaka wangu wa kwanza na mimi nilipungukiwa. Niliuza ng'ombe."

Maneno hayo machache yaliniponya kuliko semina yoyote. Wala sisemi semina hazifai. Baadaye nilikwenda ADEM, chuo cha viongozi wa elimu kule Bagamoyo, nikajifunza uongozi na usimamizi wa elimu kwa utaratibu, na nawasihi vijana wetu waende. Lakini mkufunzi hawezi kukuambia "niliuza ng'ombe". Hilo anakuambia mtu aliyekalia kiti kama chako, akashika funguo kama zako, na akavuka.

Sasa kwa nini hatuambiani? Wahenga walishasema, mficha uchi hazai. Na kwa uzoefu wangu sisi tunafichana kwa sababu tunapangana nani wa kwanza, nani wa mwisho. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule bora wala wanafunzi bora, likaacha utaratibu ule wa miaka yote. Nilifurahi siku ile. Lakini huku chini orodha ziko palepale. Shule ya kwanza kiwilaya, shule ya mwisho kiwilaya, wa mwisho asimame ajieleze. Mtu aliyesimamishwa mbele ya wenzake mwezi wa pili, mwezi wa tatu umtegemee awaombe wenzake hao hao wamsaidie Hisabati? Atakufa na tai shingoni. Na yule wa kwanza, anayejua mbinu ya kuwavusha watoto wa darasa la jioni, ataitoa mbinu yake ili mwakani apitwe?

Mtazame na kundi letu la WhatsApp. Mimi juzi nilirudi nyuma nikalisoma la mwezi mzima. "Takwimu za viti na meza, haraka, kabla ya saa sita." Chini yake: Nimepokea. Nimepokea. Nimepokea. Tukiondoa taarifa za misiba, katika mwezi mzima hakuna mkuu hata mmoja aliyeandika, "Jamani, nina jambo hapa, mwenzangu aliyewahi kulipata anisaidie." Siwalaumu. Kundi lile lina viongozi wetu wote ndani, na ni la maagizo. Libaki hivyo. Hata TAHOSSA, umoja wetu, ambao naupenda na nimeuchangia miaka yote, mikutano yake mikuu ni ya maelfu ya watu. Pale tunadai mambo yetu, tunakutana na viongozi wa kitaifa, tunarudi na nguvu. Lakini huwezi kusimama kwenye kipaza sauti mbele ya ukumbi mzima ukasema makamu wako anakudharau na hujui uanzie wapi.

Hilo linahitaji watu wawili au watatu na mlango uliofungwa.

Sisi tulianza mwaka 2014. Mimi, yule jirani wa ng'ambo ya bonde, na mkuu mwingine wa chini kule kuelekea tambarare. Tulikubaliana kukutana mara moja kwa mwezi, kwa zamu, kila mara kwenye shule ya mmoja wetu. Saa ya kwanza ilikuwa ya kutembea tu. Mwenyeji anawapitisha wenzake madarasani, stoo, maabara, vyoo vya wasichana, jikoni. Mtasema, vyoo vya nini? Mara ya kwanza wenzangu walipokuja kwangu nilikuwa nimepita mbele ya choo kile kila siku kwa miaka saba bila kuona kwamba mlango wa tatu hauna komeo. Mwenzangu aliuona kwa dakika moja, kwa sababu ni mgeni, na kwa sababu binti zetu wa kidato cha kwanza walikuwa wamepanga foleni kwenye milango miwili tu.

Baada ya kutembea tunakaa. Mwenyeji anataja jambo moja linalomshinda. Moja tu, la kweli. Hatuleti taarifa, hatusomi takwimu, muhtasari hauandikwi. Wenzake wanauliza kwanza, ushauri baadaye. Mwezi unaofuata tunaanza kwa kumuuliza: lile uliloahidi kufanya, ulifanya? Ni rahisi kulieleza hapa. Kulifanya, miezi ya mwanzo, kulitutoa jasho. Kikao cha kwanza kila mmoja alisema shule yake haina tatizo isipokuwa upungufu wa walimu.

Mengine yalikuja yenyewe. Novemba moja, usiku wa kuamkia mtihani wa Kemia kwa vitendo, kreti ya bureti ilianguka mikononi mwa fundi maabara wangu. Nilipiga simu saa mbili usiku. Saa nne bodaboda alifika na bureti kumi na mbili zimefungwa kwenye kitenge cha mke wa mkuu mwenzangu. Mwalimu wa Fizikia tuliyekuwa naye mmoja katika shule mbili tulimgawana kwa siku, kwa makubaliano yaliyoandikwa na kupelekwa ofisi ya Afisa Elimu. Na ulipotoka Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, uliowafungulia mlango wa kurudi shuleni wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito, mimi nilikuwa na karatasi mkononi na binti mlangoni, sijui nianze na nini. Mwenzangu wa tambarare alikuwa ameshampokea wake. Alinieleza vitu ambavyo waraka hauwezi kukuandikia: ongea na bibi wa mtoto kwanza, maana yeye ndiye atakayebaki na mtoto, usimrudishe binti kwenye darasa lile lile la waliomcheka, mpe mkondo mwingine, ratiba ya jioni mlegezee, maziwa yakijaa hawezi kukaa. Binti yule alifanya mtihani wake wa kidato cha nne.

Lipo moja nilisita kulileta hapa.

Mwaka mmoja wa masika makubwa, kijana wetu wa kidato cha pili alichukuliwa na maji akivuka kijito kurudi nyumbani. Nilipigiwa simu saa kumi na moja jioni. Nilikwenda na wanakijiji, tukatafuta na tochi, mpaka alipopatikana. Nilikwenda kwa mama yake. Nilirudi usiku wa manane, matope magotini, na nilikuwa naogopa kitu kimoja kuliko vyote: mstarini. Asubuhi wanafunzi mia nne na ushee watasimama mbele yangu, wananitazama. Niwaambie nini?

Saa moja kasoro nilipofika shuleni nilikuta pikipiki mbili zimeegeshwa chini ya mkaratusi. Sikuwa nimemwita mtu. Mmoja alikuwa ameshaingia ofisini kwa walimu wangu, amekaa nao kimya. Mwingine alinipa kikombe cha chai kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo. "Kunywa kwanza." Nikanywa. "Nitasimama nawe. Waambie kilichotokea, kwa maneno machache, usiwafiche. Ukishindwa nitaendelea mimi." Nilishindwa kwenye sentensi ya tatu. Akaendelea palepale nilipoishia, utadhani tulikuwa tunasoma karatasi moja. Aliwaambia watoto wanaruhusiwa kulia. Aliwaambia nani atawapeleka msibani na saa ngapi, na nani asivuke kijito kile leo. Wakati wote mkono wake ulikuwa begani kwangu.

Baadaye nilimuuliza alijuaje la kusema. Alisema alishawahi kufiwa na mwanafunzi, miaka mingi nyuma, na siku ile alisimama mstarini peke yake.

Nataka niseme pia mipaka, kwa sababu naona nyuso za wengine zinauliza. Kusaidiana si kulindana kwenye uovu. Tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba siri za kikao ni za kikao, isipokuwa moja: mtoto akiguswa, hakuna siri. Siku hiyo hiyo linakwenda panapohusika. Na mwenzako akikuambia amechukua fedha ya shule, humpi pole ukanyamaza. Unamwambia aende mwenyewe kabla hujakwenda wewe. Jingine, tusigeuze vikundi hivi kuwa vya kukopeshana. Michango ya misiba na upatu ni vizuri, lakini viwe na siku yake. Nimeona vikundi viwili vizuri vikifa kwa deni la laki moja.

Na ninyi viongozi wetu, nawaomba kitu kimoja tu. Msitupe fomu ya kujaza kuhusu vikundi hivi. Siku mtakapotaka taarifa ya mwezi ya nani alilalamikia nini, watu watarudi kusema shule zao hazina tatizo isipokuwa upungufu wa walimu. Mtupe ruhusa ya kutoka kituoni saa tatu kwa mwezi, na mtuamini. Jumuiya za ujifunzaji za walimu, zile za MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, zinafanya kazi pale zinapoachiwa zizungumze somo; zinakufa pale zinapogeuzwa kuwa sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Sisi wakuu ni walimu vilevile.

Kwa nini nalisema leo na si mwakani? Hesabu pamoja nami. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 wanamaliza elimu ya msingi darasa la sita, mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka ule wanaendelea na mtaala wa zamani, wanamaliza la saba mwaka huo huo wa 2027. Januari 2028 wote wanabisha hodi kidato cha kwanza. Madarasa mawili, mlango mmoja. Serikali inajenga, tunaona, lakini asubuhi ile ya kuripoti, mzazi akiwa amesimama na mtoto na godoro hana pa kumweka, mbele yake atakuwepo mkuu wa shule. Atakuwa peke yake, au atakuwa na namba mbili za kupiga: wewe una viti vingapi vya ziada? Mwalimu wako wa Kiingereza anaweza kuja Alhamisi? Namba hizo huwezi kuanza kuzitafuta asubuhi ile. Mazoea ya kuambiana yanachukua muda. Sisi yalituchukua karibu mwaka mzima mpaka mtu wa kwanza akasema jambo lililokuwa linamuuma kweli.

Kikundi chetu sasa kimebaki na mmoja, maana wa tambarare alihamishwa na mimi naondoka. Mkuu atakayepokea funguo zangu simjui bado. Nimeshamwomba yule wa ng'ambo ya bonde aende kumwona wiki ya kwanza, kabla daftari la fedha halijamzidi. Amekubali.

Nimeambiwa muda wangu umeisha na chai iko tayari. Naomba tusitoke kwanza. Kila mmoja amtazame wa kulia kwake na wa kushoto kwake, na kama shule zenu ziko ndani ya mwendo wa saa moja wa pikipiki, mpeane tarehe ya kwanza ya kutembeleana sasa hivi, iandikwe kwenye shajara. Wale wa shule za pembezoni msio na jirani wa karibu, nyosheni mikono, Afisa Elimu Kata wenu atawasaidia kupangana. Safu hii ya mbele, anzeni ninyi.